Baba Alilala Barazani

Tulifika Kindu tukinuka moshi. Haukuwa moshi wa jikoni, ule ambao mtu hutoka nao nyumbani asubuhi na kuusahau kabla ya mchana. Ulikuwa moshi wa majani mabichi tuliokuwa tukiwasha kila tuliposimama kupumzika, ili kufukuza mbu na kukausha nguo ambazo mvua ingezilowesha tena baada ya muda mfupi. Mama, dada yangu mdogo Faida na mimi tulikuwa tumetembea kutoka kijijini kwetu, upande wa Pangi, kwenye njia ya kwenda Kama. Barabara tuliiepuka kwa sababu ya askari, na vijia vya msituni tuliviogopa kwa sababu ya wale waliokuwa wakipigana na askari, kwa hiyo tulikwenda mara huku, mara kule, tukirudi nyuma karibu sawa na tulivyosonga mbele. Mama alimbeba Faida mgongoni na sufuria kichwani. Ndani ya sufuria mlikuwa na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani, na kikwembe chake cha harusi, cha buluu, ambacho hakukivaa hata mara moja njiani. Baba hakuwa nasi. Alikuwa amekwenda Kama kuchimba dhahabu kabla ya vita kufika kwetu, na vilipofika, njia kati yetu na yeye ikafungwa. Mama alimwachia ujumbe kwa mzee mmoja jirani aliyekataa kukimbia: akirudi, aambiwe tumeelekea Kindu. Basi tukaja, tukavuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, na nilipoinua uso kuutazama mji niliosikia habari zake tangu utoto, jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa hili: nitalala wapi?

Msomaji aliyezaliwa mjini ataona ni swali la kila mkimbizi. Kwangu lilikuwa na uzito mwingine, na ili aelewe ni lazima nimweleze jinsi tulivyokaa. Kijiji chetu kilipangwa kama vijiji vingine vya upande ule, nyumba zikiwa zimekaa pande mbili za barabara na migongo yake ikielekea migomba na msitu. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa ni majani mapana yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na kila baada ya mvua kubwa yalitoa harufu tamu ya kuoza ambayo sijawahi kuipata penginepo. Kila mke alikuwa na nyumba yake na jiko lake la nyuma. Katikati ya nyumba palisimama baraza, ambayo kwetu ni paa lililowekwa juu ya nguzo bila kuta, na hapo wanaume walikaa, walisuka mitego, walibishana na walikula. Jioni kila jiko lilituma sahani barazani, imefunikwa vizuri, na wanaume walikula kutoka kila sahani bila kuuliza ni ya nani. Mvulana alikula jikoni kwa mama yake mpaka alipotahiriwa. Akitoka kambi ya tohara, sahani yake ilikuwa barazani na wanaume, na hakulala tena kamwe katika nyumba anamolala mama yake. Yeye na wenzake walijijengea kijumba chao pembeni, kibovu, chenye kuvuja, na walikipenda kuliko nyumba zote za dunia. Hakuna aliyetueleza sababu ya mwiko huo, na hakuna aliyeuliza. Hata baba asingeweza kulala na mama mahali ambapo mwana wao aliyetahiriwa angewasikia wakipumua. Hivyo ndivyo watu wenye heshima walivyolala. Mimi nilikuwa nimetoka kambini mwaka uleule, na nguzo za kijumba chetu zilikuwa zimekwisha kusimama, zikingoja majani, siku tulipokimbia.

Huko Mikelenge, mtaa mmoja wa Kindu, tulipokewa na mwanamke ambaye hatukuwa na undugu naye wowote. Mama Asha alikuwa mjane Mwislamu, wa familia ya wangwana, wale Waswahili wa zamani wa huku, mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Alimwona mama ameketi kando ya njia, akimkamulia Faida maji kutoka kwenye nguo, akamwambia, "Inuka, mama. Weye si ndizi, usikae chini ukingoje kuiva." Nyumba yake ilikuwa ya aina ambayo sikuwahi kuiona: mbele baraza ndefu ya udongo uliosilibwa, ikitazama njia, kisha ukumbi mwembamba wenye vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake uani, penye jiko, choo na binti zake. Kila chumba kilikuwa na familia nzima iliyokimbia kutoka mahali fulani. Uani kulikuwa na wengine, chini ya turubai, na sehemu iliyobaki ilikuwa imelimwa matembele na mihogo ya majani, maana hakuna aliyethubutu kwenda kulima nje ya mji. Chumba kilichobaki kilikuwa kile alichowekea mpunga zamani, wakati ambapo mpunga ulikuwepo. Hakikuwa na dirisha. Kilinuka makapi na panya. Mama alishukuru mpaka akapiga magoti, kisha akaniangalia mimi, nami nikaangalia sakafu.

Nilisema nitalala barazani. Mama Asha alicheka. Alimwambia mama, kana kwamba mimi sipo, "Mutoto wa kiume wa kimo hiki alale barazani? Asubuhi utamukuta iko njiani na sanduku ya risasi kichwani. Askari hawaulizake kama mutu ametahiriwa. Wanaulizaka kama iko na mabega." Uani nako hakukuwezekana, kwa sababu ya binti zake na wanawake wengine, na kwa heshima ya nyumba ile mimi nilikuwa mkubwa tayari. Nilikuwa mkubwa kupita kiasi kwa kila mahali isipokuwa mahali pamoja, chumbani mwa mama, ambapo kwa mwiko wetu sikutakiwa kabisa. Mama hakubishana. Alikitoa kikwembe cha harusi kwenye sufuria, akakitundika kwa kamba katikati ya chumba, akaniwekea mkeka upande wa mlango. "Miye nimeisha kupoteza njia ya bwana yangu," aliniambia. "Sitapoteza na yako. Utalala hapa, macho kwenye mulango." Kwa miaka yote tuliyokaa mle, hilo ndilo lililokuwa lengo lake pekee: sisi sote tuwe ndani ya kuta zilezile mpaka vita vitakapokwisha. Na lengo langu, ambalo sikulitamka, lilikuwa watu wasijue.

Nilijifunza kuishi kama mwizi katika chumba changu. Niliingia wa mwisho, taa ya mawese ikiwa imezimwa, na nilitoka wa kwanza. Mama alikohoa kabla ya kupita upande wangu, nami nilikohoa kabla ya kujigeuza. Asubuhi nilipitia uani, nikaruka ua, nikazunguka nyumba tatu nne za jirani, kisha nikatokea mbele kwa njia, nikipiga miayo, kama mtu anayetoka kwingine. Niliwaambia wavulana wa pale kwamba nalala kwa mjomba wangu, karibu na reli. Mjomba nilikuwa naye kweli, ila alikuwa Kibombo, mbali kusini, na hatukujua hata kama yu hai. Nilimbunia nyumba ya matofali na kitanda cha chuma. Nilikuwa hodari katika uongo huo, na pengine ningefanikiwa, kama si Juma, mtoto wa familia ya chumba cha mkabala na chetu, ambaye alikuwa na tumbo la kuendesha na aliamka mapema kuliko mimi. Alinisubiri kisimani, mbele ya wote, ndoo yake ikiwa tayari imejaa.

"Mujomba wako iko na nyumba muzuri," alisema. "Mulango yake inafanana sana na ya mama yako."

Wengine waligeuka kunitazama. Kisha mvulana mmoja wa kutoka Kabambare, ambaye alijua mambo yetu kwa kuwa kwao ni vilevile, alipiga kofi paja lake: "Ayayaa! Unatoka tohara, unarudia kwa mama? Ungali unanyonya, ao umekuwa bwana yake?"

Nilimpiga. Alinipiga zaidi. Lakini jina lilikuwa limekwisha kupatikana, na kuanzia siku ile niliitwa Bwana ya Mama, kisimani, sokoni, hata na watoto wadogo ambao hawakuelewa wanachosema. Mama alilisikia. Mtu hawezi kuishi katika nyumba ya namna ile asisikie. Nilimwona akifikiri, na baada ya siku chache alipata dawa ambayo ni mwanamke wa kwetu tu angeweza kuifikiria. Alipika sombe, majani ya mihogo, kwa mawese, akaazima sahani ya bati yenye mfuniko kwa Mama Asha, akaipanga vizuri, na badala ya kuniita jikoni nile na Faida, aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akapita nayo ukumbini, akaja kuiweka mbele yangu barazani, pamoja na maji ya kunawa. Aliinama kidogo. Kisha akarudi nyuma bila kunipa mgongo, kama anavyofanya mke wa mtu kijijini anapopeleka chakula kwa wanaume. Alitaka kuwaonyesha wote kwamba mimi ni mwanamume aliyekamilika, mla barazani. Kwetu lingekuwa jambo la kunyanyua kichwa. Lakini baraza ya Mikelenge haikuwa baraza yetu. Haikuwa na wanaume wengine wala sahani nyingine. Kulikuwa na mimi peke yangu, na mbele yangu njia nzima ya watu wakitoka sokoni, na wao walichokiona ni mwanamke anayemwandalia mumewe.

Sitasahau kicheko kile. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alisimama, akavua kofia, akasema, "Kula muzuri, bwana mukubwa! Na madamu je, ataonja?" Mama alikuwa bado mlangoni. Nilimwona akielewa. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza macho, halafu mdomo, kisha akaingia ndani. Nilikula sahani ile yote, kwa sababu tulikuwa na njaa na kwa sababu kuiacha kungekuwa kumpiga mara ya pili. Hakuileta tena. Tangu hapo nilikula nimesimama nyuma ya jiko, harakaharaka, si mtoto, si mwanamume. Nilikuwa namwonea mama haya, kana kwamba ni yeye aliyechoma kijiji na kufunga njia, na bado sijapata maneno mazuri ya kulisema jambo hili.

Kisha vita vikaanza kutulia. Milio ilipungua, watu wakaanza kwenda mashambani kwa makundi, chumvi ikaonekana tena sokoni. Na asubuhi moja, nikiwa nafagia mbele, niliona mtu mwembamba mwenye ndevu zenye mvi amesimama njiani, akiitazama nyumba kama mtu anayesoma. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Baba alikuwa amejificha msituni upande wa Kama, akarudi kijijini, akakuta nguzo zilizoungua na yule mzee, ambaye alimpa ujumbe wetu. Mama alitoka uani na unga mikononi. Alimshika baba usoni kwa mikono ileile, akamwachia uso mweupe, na Mama Asha alipiga vigelegele vilivyowatoa watu nyumba zote za jirani. Faida, ambaye hakumkumbuka, alijificha nyuma yangu. Kwa saa kadhaa mchana ule tulikuwa familia kama tulivyokuwa, na mama alikuwa amepata kila alichokipigania.

Jioni baba alichukua furushi lake na kuingia chumbani kulitua. Aliona kikwembe kile cha buluu, alichokinunua yeye mwenyewe, kimefifia kwa moshi wa taa, kimetundikwa kama ukuta. Aliona mkeka wangu upande wa mlango.

"Nani analala hapa?" aliuliza.

"Mutoto," mama alijibu.

Baba alikuwa ameshalitua furushi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo. Alitazama mkeka, akanitazama mimi, ambaye sasa nilimfika begani, kisha akaliinua tena furushi lake taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba. "Hapana shida," alisema. "Miye nimezoea nje." Akaenda kutandika barazani.

Nilimfuata nikamwambia alale ndani, mimi nitalala nje. Alikataa. Askari walikuwa bado mjini na bado walichukua vijana, ilhali mzee mwenye kifua kibovu hakuna aliyemtaka. Mama naye alisema vivyo hivyo, akiangalia pembeni. Hakukuwa na nafasi uani ya kusimamisha hata nguzo moja, na vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Kwa hiyo tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki, msimu wa mvua ukiwa umeshika: mama na Faida nyuma ya kikwembe, mimi mlangoni, na baba barazani, katika upepo wa mvua, akikohoa. Kila kikohozi chake kilitufikia. Mama na mimi tulikisikia, kila mmoja akijua kwamba mwenzake amekisikia. Baba alitoka vitani akiwa mzima, akamkuta mkewe yu hai, lakini hakuweza kumkaribia kwa sababu yangu. Wapita njia nao hawakukawia kuliona. "Bwana iko nje, mutoto iko ndani," walisema, na hata Mama Asha, aliyetupenda, alimtania baba alipompelekea chai: "Mugeni wetu, umelala je?" Baba alicheka kwa adabu. Aliitikia kweli kama mgeni.

Sasa nimevuka miaka arobaini na nimelala katika miji mingi: Kibombo, ambako nilimaliza shule ya sekondari, Kasongo, Kalemie, Lubumbashi, na sasa Kisangani, ambako nina mke, watoto na vyumba viwili vya kupanga. Sijawahi kukaa mahali muda wa kutosha kujenga. Hivi karibuni nilipita Kindu. Nyumba ya Mama Asha imeezekwa mabati, vyumba vyake vimepangishwa kwa wanafunzi, wavulana huku na wasichana kule, na ukumbini kuna feni. Kijijini kwetu, nyumba mpya ni za matofali ya kuchoma, na chini ya paa moja kuna sebule, vyumba, baba, mama na vijana warefu kuliko milango. Wavulana hutahiriwa hospitali wakiwa wachanga. Nilimuuliza kijana mmoja kama bado wanajenga vijumba vya wavulana, akaniangalia kwa huruma: "Tujenge ya nini, papa? Nyumba iko." Kwangu Kisangani, mwanangu mkubwa hulala nyuma ya pazia, karibu na sisi, anakoroma bila wasiwasi wowote. Najua hana kosa, na mama yake hana kosa, na zamani zile pia hakukuwa na mwenye kosa. Kulijua hilo hakujaipunguza aibu yangu.

Wakati ule, baba akiwa bado analala barazani, habari kutoka Kibombo zililetwa na wasukuma baiskeli waliokuwa wameanza kupita tena kando ya reli. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa hai, alikuwa amerudia mashamba yake ya mpunga, na alihitaji mikono. Hakuna aliyeniambia niende. Tulikuwa jikoni, mama anapepeta, baba amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nami nikasema, "Nitakwenda kwa mjomba." Nilingoja mmoja wao akatae. Mama aliendelea kupepeta, ila polepole zaidi. Baba alisema kwamba kwa mjomba wake mtu hakosi chakula. Mama, ambaye kwa miaka yote ile alitaka kuta moja tu zituzunguke sote, alinifungia mihogo ya kuchemsha katika majani, akanikunjia shati, na hakuniuliza nitarudi lini. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo, na niliona kwamba na yeye alijua nimeona.

Tuliagana barazani mapema, Faida akilia kwa sababu ya mihogo ambayo hakupewa. Nilifika relini, na wenye baiskeli wakasema wanasubiri mwenzao mmoja. Hapo nikakumbuka kwamba nimesahau kisu changu kidogo nilichotoka nacho kambi ya tohara, ambacho nilikuwa nikikiweka chini ya mkeka. Nikarudi mbio. Baraza ilikuwa tupu na imefagiwa. Nilipita ukumbini mpaka mlango wa chumba chetu, na ulikuwa umefungwa, ilhali ilikuwa asubuhi, wakati ambao tulikuwa tukiuacha wazi upate hewa. Faida alikuwa uani, akicheza na binti za Mama Asha. Nilisimama pale, mkono juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilibisha mlango wa mama yangu. Nilisema, "Hodi."

Ndani kikohozi cha baba kilikatika. Kisha sauti ya mama ikaja, nyepesi, sauti ya mwanamke kijana ambaye mimi sikuwahi kukutana naye, kwa adabu ambayo mtu humpa mpita njia: "Nani huyo? Ngojea kidogo, mugeni."

Sikungoja. Nilitoka kwa ncha za vidole, nikaenda Kibombo bila kisu.

Hata leo nikirudi nyumbani kutoka kazini husimama nje ya mlango wangu mwenyewe, ninaoulipia kodi, na kubisha hodi. Watoto hufikiri ni mzaha wangu, nami sijawakatalia. "Ingia, papa!" hupiga kelele wote kwa pamoja, vinywa vimejaa wali. "Njo kwako!"